Kumtafutia mtoto wa chekechea shule ya dansi: uzoefu wangu

Wazazi wenzangu wananiuliza sana kuhusu shule ya dansi anayosoma binti yangu wa miaka 4, hasa wakisikia kwamba tulizunguka shule kadhaa kabla ya kutulia. Jibu langu fupi: tumeridhika, kasoro zipo, na kilichonivuta hakimo katika tangazo lao hata moja. Nilimwona mwalimu akishughulika na mtoto aliyekataa katakata kucheza, nikasema moyoni, hapa ndipo.

Kabla ya hapo tulipita kwenye shule yenye sifa kubwa. Ukutani vikombe vimepangwa toka mlangoni hadi dirishani, kuna picha za wanafunzi waliopiga msamba hewani, kila kitu kinang'aa. Nilipoomba kutazama darasa la wadogo waliniruhusu, na kwa hilo nawapongeza. Nilichokiona ndicho hakikunipendeza. Watoto wa miaka 3 na 4 walipangwa mistari miwili mbele ya kioo kwa saa nzima, wakimwiga mwalimu hatua kwa hatua. Nusu yao walikuwa wanajikunjia nyuso kwenye kioo. Sikuwalaumu, kioo kikubwa namna ile hata mimi kingenishinda. Kisha wakakalishwa chini, nyayo zikigusana, magoti kando, na mwalimu akawa anapita nyuma yao mmoja mmoja akiyakandamiza magoti kuelekea sakafuni. Msichana mmoja aliuma mdomo wa chini na kung'ang'ania kifundo cha mguu wake mwenyewe. Hakulia. Mwalimu akamsifu kwa ujasiri.

Baada ya kipindi nikamuuliza kuhusu lile zoezi. Akacheka: "Baba, samaki mkunje angali mbichi."

Methali naijua, na kwenye malezi ya tabia sina ugomvi nayo. Mifupa ya mtoto ni habari nyingine. Nyonga, magoti na vifundo vya miguu katika umri huo bado vinakua, na ile miguu ya wachezaji wa baleti inayotazama nje inatakiwa igeuke kuanzia kwenye nyonga. Mtoto akilazimishwa, mzigo unahamia kwenye goti na kifundo, ambavyo havikuumbwa kwa kazi hiyo. Hata kwenye shule za wakubwa wa fani hakuna pupa ya namna hii. Chuo cha baleti cha Vaganova kule St Petersburg, Urusi, chenye historia inayoanzia mwaka 1738, huchukua wanafunzi wakiwa na miaka kama 10. Royal Academy of Dance ya London, iliyoanzishwa 1920, kwenye ngazi yake ya watoto wadogo, iitwayo Pre-Primary, inamtaka anayetathminiwa awe ametimiza miaka 5. Viatu vya kusimamia ncha za vidole, walimu makini hawamvishi mtoto kabla ya miaka 11 au 12. Sasa huyu wa kwangu, ambaye akiruka kwa mguu mmoja mara tatu nne anapepesuka, anakimbizwa kwenda wapi?

Shule nyingine niliyoiona ilikuwa na mwalimu mchangamfu sana ila watoto walijaa ukumbi kama soko, naye yuko peke yake. Hiyo haikuhitaji kufikiriwa mara mbili.

Tuliyoichagua haina vikombe. Darasa la wadogo ni la dakika 40, mwalimu mmoja na msaidizi wake, na watoto hawazidi kumi. Kioo kipo lakini kimefunikwa pazia. Sakafu ni ya mbao iliyoinuliwa juu ya fremu, chini yake kuna uwazi, na juu pametandikwa zulia la plastiki lisiloteleza. Ukitaka kujua tofauti, vua viatu uruke mara moja mahali hapo, kisha uruke kwenye sakafu ya saruji yenye vigae. Ile ya mbao inabonyea kidogo na kukupokea. Ya vigae inakurudishia kishindo chote kwenye miundi. Pale kwenye vikombe walikuwa wanarukia vigae.

Siku ya majaribio watoto walianza kwa kukaa duara, kila mmoja akapiga jina lake kwa makofi, silabi kwa silabi. Halafu mwalimu akachukua tari. Akipiga polepole wanatembea wazito, akiharakisha wanakimbia kwa vidole vya miguu, akinyamaza wanaganda hapo hapo, hata kama mguu uko hewani. Kwa macho ya mzazi ulikuwa mchezo mtupu. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo kuhusu Émile Jaques-Dalcroze, mwalimu wa muziki wa Uswisi aliyefariki mwaka 1950, ambaye alifundisha mdundo kwa kuwafanya wanafunzi watembee na kusimama kufuata muziki badala ya kukaa na kuhesabu. Kuna pia Rudolf Laban (1879–1958), aliyeutazama mwendo wa mwili kwa uzito wake, kasi yake na nafasi unayochukua. Mwalimu hakutaja jina la mtu yeyote, lakini aliposema "sasa tupite juu, sasa tupite chini, sasa tujifanye tumebeba gunia zito," nilijua hakubahatisha.

Sasa yule mtoto. Mvulana mdogo alikuwa amejibanza ukutani, mgongo umeganda, mikono ameificha nyuma. Kila mtoto alipopita alimfuata kwa macho, lakini hakusogea. Mama yake alianza kumsukuma kwa sauti ya chini ile ya "tumetoka mbali, usiniaibishe". Mwalimu akamwonyesha mama kiganja, kwa heshima, kama kumwambia aache kwanza. Akaenda akachuchumaa pembeni ya mvulana, si mbele yake, akamwekea tari miguuni na kusema, "Mkono wangu umechoka. Ukipiga, hawa wanatembea. Ukiacha, wanaganda." Akaondoka. Hakusubiri jibu.

Kukawa kimya. Watoto wote wameganda, wengine wanacheka kwa kujizuia. Kidole kimoja kikatoka nyuma ya mgongo, kikagonga ngozi ya tari mara moja. Darasa zima likapiga hatua moja. Akagonga tena. Mpaka mwisho wa kipindi mvulana yule hakucheza hata hatua moja, lakini ndiye aliyekuwa analiendesha darasa, na walipokuwa wanavaa viatu mwalimu akamwambia mama yake, "Leo amesikiliza vizuri kuliko wote. Inatosha." Nilimlipia binti yangu ada siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetafuta: omba kutazama kipindi cha kawaida, na ukifika usiwatazame watoto hodari. Mtazame anayelia, anayekimbia ovyo, aliyekojoa. Kwenye onyesho la jukwaani shule zote hupendeza.

Kuhusu jina la dansi, usihangaike. Kwa umri huu ubao uandike baleti, hip hop au chochote, darasa zuri litakuwa na kukimbia, kuchuchumia, kuruka, kujiviringisha, kusimama ghafla na kusubiri zamu. Kile kirukaruka cha hatua na mruko, mguu huu kisha huu, watoto wengi hawakipati mpaka wakaribie miaka 5 au 6, kwa hiyo mwalimu anayekasirika kwamba wa miaka 4 hakiwezi hajui umri anaoufundisha. Usinunue pia hoja ya kwamba dansi ya mara moja kwa wiki itamtosha mtoto kwa mazoezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka watoto wa miaka 3 na 4 wawe kwenye mwendo angalau dakika 180 kwa siku, na 60 kati ya hizo ziwe za kutoka jasho. Dakika 40 kwa wiki hapo ni kionjo. Akirudi nyumbani bado anahitaji uwanja.

Baba mmoja alininong'oneza kama mwanawe wa kiume atafaa. Wavulana wapo darasani kwetu, na hakuna aliyewahi kulifanya jambo. Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa aliyeanzisha akademia ya dansi mwaka 1661, alikuwa akipanda jukwaani mwenyewe.

Viatu: vile laini vya ngozi vyenye soli moja nzima na mpira wa kupita juu ya mguu vinatosha, na kwetu mwezi wa kwanza walicheza pekupeku. Nunua saizi yake kamili. Najua tulivyo, tunataka kiatu kimfae mpaka mwakani, lakini kwenye dansi kiatu kikubwa kinajikunja mbele ya vidole na mtoto anakwenda chini kwa uso.

Kasoro sasa. Ya kwanza ni fedha zinazojitokeza njiani. Ada ya usajili na ya muhula walituambia. Vazi la onyesho la mwisho wa mwaka hatukuambiwa mpaka muda umekaribia, na halikuwa la hiari. Lenyewe lilikuwa la vimetameta, mshono wa shingoni umekaa kama msasa, binti yangu akawa anajikuna mpaka zamu yao inafika, na jukwaani walikaa muda wa wimbo mmoja tu. Wazazi pia wanalipia tiketi kuwaona watoto wao wenyewe. Nililalamika, wakasikiliza kwa upole, hakuna kilichobadilika. Anayejiunga aombe hesabu ya mwaka mzima kwa maandishi kabla ya kutoa hata senti: usajili, sare, vazi, tiketi, picha.

Ya pili ni taarifa. Kipindi kikiahirishwa tunaambiwa asubuhi ya siku yenyewe, wakati mtoto ameshavaa.

Kuna jambo ambalo wengine wanaliita kasoro, mimi siliiti: wazazi hatukai ndani. Tunaingia siku maalumu tu, siku nyingine tuko nje. Mwanzoni lilinikwaza, lakini mtoto mwenye mzazi pembeni anacheza akimtazama mzazi. Sharti langu lilikuwa kuonekana, na mlango wao una kioo kipana ambacho yeyote anaweza kuchungulia muda wowote. Niliuliza pia nani anampeleka mtoto msalani, na kama mwalimu humgusa mtoto anapomrekebisha. Majibu yalikuwa tayari: msaidizi ndiye anayempeleka na mlango wa nje unabaki wazi, na mwalimu humuuliza mtoto kwanza, "Nikushike bega?" Mtoto akisema hapana, anaonyeshwa kwa mwili wa mwalimu. Shule ikianza kugugumia kwenye maswali haya, aga uondoke.

Binti yangu baada ya mwaka hana hatua za kuwaonyesha wageni. Shangazi yake alimwomba acheze "alichofundishwa", akajiviringisha sakafuni kisha akaganda, basi. Ila muziki ukibadilika redioni anabadilisha mwendo bila kuambiwa, na kusubiri zamu, ambako zamani kulikuwa vita, siku hizi anakuweza kwa kiasi. Muhula ujao tunaendelea.

Mwenye mtoto wa miaka 7 au 8 anayetaka baleti kwa dhati asije hapa. Walimu wenyewe wanasema hivyo: jirani yetu alimpeleka wake mkubwa, wakamtazama, kisha wakamwelekeza kwa mwalimu wa shule nyingine.