Wakili wa kesi za nidhamu za walimu, nampa nyota 4

Jamani huyu wakili anajua kazi. Nilipewa barua ya tuhuma eti nimempiga mwanafunzi, mi nikataka kujibu siku hiyohiyo na hasira zangu, akanambia tulia mwalimu, kwanza tuombe maelezo ya mashahidi kwa maandishi. Akayapitia mstari kwa mstari na kalamu nyekundu kama anasahihisha insha, akakuta tarehe waliyoandika ni Jumapili!! Kwenye kikao akawauliza hilo tu, tena kwa upole, wakabaki wanaangaliana. Tuhuma ikafutwa. Nyota moja nimeikata sababu simu hapokei, meseji anajibu saa sita usiku, halafu bili yake iliwahi kufika kuliko barua ya uamuzi yenyewe loh