TAHADHARI: Anayeuza "dawa ya madoa ya dari" hapa Arusha, asije akakufikia na wewe

Wana Arusha habari zenu, hasa wa Moshono, Njiro na Kwa Mrombo ambako nasikia ameshafika. Kuna jamaa anazunguka na bodaboda na ndoo nyeupe, anauza anachokiita dawa ya madoa ya dari. Mimi kanipiga laki tatu na themanini na doa langu likarudi pale pale juu ya kochi linanitazama. Naandika kwa urefu maana nataka mjue anavyocheza. Jina lake siandiki, kwanza hata alilonipa sidhani kama ni lake, nilipotuma hela likatokea jina la mwanamke, eti ni mke wake, nikabonyeza namba ya siri hivyo hivyo kama mtu aliyerogwa.

Mambo yalianza masika iliyopita. Mvua ya Aprili ya huku mnaijua, inapiga usiku kucha, asubuhi nikaona sebuleni doa la rangi ya chai, kufika Mei limekuwa kubwa kama sinia, lina duara tatu moja ndani ya nyingine na ukingo umekolea kuliko katikati. Maji ya Arusha tumezoea yanachora meno, haya yakaamua kuchora na jipsam, yaani bodi za dari. Baba Junior yuko Mererani anarudi mwisho wa mwezi, nikapiga picha nikaweka status kwamba natafuta fundi. Nadhani kuna mtu alimrushia, maana jioni hiyo hiyo simu ikaita, sauti ya upole kabisa, "shikamoo mama, nimeona changamoto yako, hiyo ni ndogo sana."

Alikuja Juni mwanzoni. Hapo ndo pa kushika jamani, Juni! Masika imekata, vuli mpaka Oktoba au Novemba, maana yake apake anachotaka hakuna tone la mvua litakalokuja kumuumbua karibu miezi minne. Baadaye nikaongea na akina mama wengine wawili waliolizwa, wote aliwafuata kiangazi. Masika simu yake haipatikani, nadhani na yeye anaogopa mvua.

Alipanda juu ya bati kama dakika kumi, nasikia anagonga gonga, akashuka na misumari minne yenye kutu kwenye kiganja, "mama ona, hii ndo inakuvujishia." Nikaona huyu kweli fundi. Darini hakuingia hata mara moja, kifuniko kipo pale koridoni hakukigusa. Akasema dawa imetoka Ujerumani, inanyonya unyevu mpaka ndani ya mbao, laki mbili ya dawa na elfu sitini ya ufundi, kabla ya kazi. Akapaka doa kwa rola, dari ikawa nyeupeee, akapiga picha zake kama tano, akaondoka.

Siku ya tatu doa likarudi. Mvua haijanyesha hata manyunyu, doa lile lile duara zile zile, limefifia kidogo tu. Nampigia ananiambia usiogope mama, dawa inavuta uchafu kuuleta nje, hiyo ni dalili kwamba inafanya kazi, sasa inahitaji mkono wa kufunga, laki na ishirini. Na mimi nikalipa. Cheka tu, nimeshajicheka sana. Akapaka tena, safari hii ndoo akaiacha kwangu eti ataipitia kesho na simu ikazimwa toka siku hiyo. Kuja kuiangalia ile ndoo, stika ya Ujerumani imebanduka kona, nikaivuta kwa ukucha, chini yake lebo ya rangi ya maji ya ukutani, ya kawaida kabisa inayouzwa kila hardwea.

Julai ikaja na baridi yake, mnajua ile ya kulala na mablanketi mawili, nikaona doa jipya juu ya bafu. Nikasema sasa nyumba inaniangukia. Jirani akanipa namba ya mzee mmoja anatokea Tengeru, huyu alipofika hakuuliza hela, aliuliza ngazi na kifuniko cha darini kiko wapi. Akaingia na tochi mchana, akaniita nichungulie. Jamani, kwenye bati zilionekana nukta nne za mwanga kama nyota, zile tundu za misumari aliyoing'oa yule bwana, hakurudishia hata mmoja, alichomoa ushahidi akaniachia matundu. Yani ningekaa kimya mpaka vuli, sebule ingekuwa bwawa.

Uvujaji wa mwanzo ulikuwa sehemu nyingine kabisa, karibu mita mbili kutoka kwenye doa. Aliyeezeka nyumba hii alipigilia misumari kadhaa kwenye bonde la bati badala ya mgongoni, na mvua inapita bondeni, halafu vile vimpira vya chini ya kichwa cha msumari jua limevikausha vimepasuka. Maji yanaingia pale yanatembea juu ya papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, yanashuka na mbao ya kenchi, ile fremu inayobeba paa, mpaka yapate pa kudondokea. Ndo maana mtu anayesimama chini ya doa akakuambia bati limetoboka hapo hapo juu, mtilie shaka. Njiani maji yanabeba vumbi, rangi ya mbao, kinyesi cha popo, yakifika kwenye jipsam yanasambaa, yakikauka yanaacha ule uchafu ukingoni, likilowa tena inaongezeka duara nyingine.

Na ile ya bafuni haikuwa hata mvua. Mvuke wa maji ya moto unapanda unapenya darini, usiku bati limepoa kama barafu, linatoa jasho kwa chini, jasho linadondoka. Dawa yake ilikuwa kuongeza upenyo wa hewa na kufungua dirisha la bafu baada ya kuoga, bure. Yule wa ndoo angeniuzia ndoo nyingine hapo.

Na nikauliza kwa nini doa lilirudi bila mvua. Mzee akacheka, akasema mwanangu, doa hilo limeletwa na maji, ukilipaka rangi ya maji linayeyuka linapanda nayo, ungepaka hata mara kumi. Unaanza na praima ya mafuta au rangi ya mafuta nyeupe pale kwenye doa tu, inaziba, ikikauka ndo unapaka rangi ya maji juu. Lakini kwanza bati lizibwe, halafu dari ikauke kweli kweli, na jipsam iliyolainika ukiibonyeza inaingia kidole, hiyo unakata kipande unaweka kipya, hairudi. Kwangu kililika kipande kama cha mraba wa futi mbili.

Alipomaliza misumari mipya mgongoni na kuziba matundu ya zamani, akamwambia kijana wake amwage maji na mpira wa bustani, aanzie ukingo wa chini wa paa apande taratibu, yeye yuko darini na tochi. Tukasubiri nusu saa. Pakavu. Vifaa na ufundi jumla elfu tisini na tano, na alilipwa baada ya ule mpira wa maji. (Halafu, wenye dari iliyotuna maji hivi sasa, msilale chini yake, na kama maji yako karibu na taa zima meni swichi kwanza, fundi baadaye.)

Mimi nimeshakwenda polisi nikapewa RB (namba ya taarifa ya polisi), namba ya simu ya yule bwana nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, mwenyekiti wa mtaa ana taarifa. Hela sitegemei, ilitolewa siku ile ile. Ila juzi shemeji yangu wa Usa River kanitumia tangazo analosambaza huko, kwa namba mpya, "kabla na baada", na dari ya "baada" ni ya kwangu. Mkiona picha ya dari nyeupe ina feni ya mapanga matatu na moja limezungushiwa selotepu nyeusi, hiyo ni sebule yangu, na rangi hapo ilikuwa haijakauka.