Hedifoni au bafle (spika)? Cha kununua Lubumbashi kwa mpenzi wa albamu za roki

Mwongozo huu ni wa msikilizaji wa Lubumbashi anayecheza albamu nzima, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, na moyo wake uko kwenye roki ya makundi yanayojitegemea: magitaa mawili yanayojibizana, ngoma zisizosafishwa kupita kiasi, mwimbaji aliyeachwa na mikwaruzo ya koo lake. Muziki huu unataka nafasi, usikie gitaa moja kushoto na jingine kulia. Kwa hiyo pesa iende kwenye kinachogusa sikio, si kwenye wati.

Nafasi ya kwanza naipa hedifoni za waya, bila kusita. Hazina betri, hazidai chaji, na SNEL, shirika letu la umeme, wakiukata jioni albamu inaendelea maadamu telefoni iko hai. Wa kuanzia atosheke na Sony MDR-ZX110: nyepesi, bei yake ya chini, waya wa mita 1.2 unaofika mfukoni. Mwenye uwezo zaidi atafute ATH-M20x ya Audio-Technica, inayofunika sikio lote na kuzuia kelele za barabara. Waya wake ni wa mita 3, kero ukitembea, raha ukiwa umejilaza. Soma pia idadi ya ohm kwenye kasha, yaani jinsi hedifoni inavyoupinga umeme. Chini ya 50 telefoni inaimudu. Beyerdynamic DT 770 Pro ya ohm 250 ni kifaa kizuri sana, lakini kwenye telefoni sauti itakuwa ndogo mno, na utalazimika kununua kikuza sauti juu yake. Kama telefoni yako haina tundu la waya, nunua adapta ya USB-C siku hiyo hiyo, uijaribu palepale.

Usinunue kabla ya kusikiliza. Iwe duka la katikati ya mji au meza ya soko la Kenya hapa hapa mjini, mwambie tu: “Papa, naomba nijaribu kwanza.” Muuzaji anayekataa, mwache. Uwe na nyimbo zako kwenye telefoni, unazozijua kwa undani. Mimi huanza na “Masanga” ya Jean-Bosco Mwenda, iliyorekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo. Ni gitaa moja, lakini kidole gumba kinashika besi na cha shahada kinapiga melodi. Hedifoni nzuri inavitenganisha vidole hivyo viwili, mbovu inavichanganya vikawa uji. Kisha naweka “Introduction” ya kundi la WITCH, ya mwaka 1972. Hiyo ni Zamrock, roki ya jirani zetu wa Ukanda wa Shaba, ng'ambo tu ya Kasumbalesa, na inaniuma kwamba vijana wengi wa hapa wanaijua roki ya Seattle, Marekani, kabla ya hii. Gitaa lake lenye mkwaruzo lisikutoboe sikio. Mwisho naweka rekodi ya jukwaani: “MTV Unplugged in New York” ya Nirvana, iliyorekodiwa Novemba 1993. Hapo sikiliza makofi. Yakikuzunguka, lipa. Yakisikika kama mvua juu ya bati, rudisha kifaa mezani.

Bandia ni nyingi. Angalia herufi za kasha, pinda waya taratibu karibu na pini uone kama sauti inakatika, na hakikisha masikio yote mawili yanalia sawa.

Ya pili ni vipokea sauti vya waya vinavyoingia ndani ya sikio. Vile vya KZ ambavyo waya wake unachomoka ndivyo ninavyovipenda, kwa sababu waya ndio hufa kwanza, na hapo unabadilisha waya peke yake. Ukiona besi haipo, usilaumu kifaa haraka: jaribu kwanza mpira wa saizi nyingine, maana sikio lisipozibwa vizuri besi inavuja.

Bafle ndogo ya Bluetooth naiweka ya tatu. JBL Go 3 ina spika moja na betri ya saa 5. Magitaa yote mawili yanatoka tundu moja, na hilo ndilo kosa lake kwa roki. Flip 6 inafika saa 12, na ukiwa nazo mbili unaweza kuziunganisha ukapata kushoto na kulia. Hata hivyo albamu ni kitu cha kusikilizwa pamoja pia, na uani jioni na marafiki hakuna hedifoni itakayoishinda.

Vidude vya masikioni visivyo na waya vinakuja baada ya hapo. Betri zake ndogo huchoka, na kuzitengeneza ni vigumu. Mfumo mkubwa wa sebuleni wenye besi ya kutikisa madirisha ni wa mwisho kabisa: sherehe utaipendeza, lakini gitaa la pili litazama.

Kifaa kikishapatikana, kipe chakula kizuri. Albamu ya dakika 45 kwa ubora wa kbps 320 inakula kama MB 108, basi ipakue mara moja ukiwa na mega za kutosha, usiicheze mtandaoni kila siku. Bandcamp inauza moja kwa moja kutoka kwa wasanii, na ukishalipia faili ni lako.

Na nunua viziba sikio vya sponji. Bei yake ni ndogo kuliko vyote nilivyotaja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa muziki ukumbini usizidi desibeli 100, na mbele ya maspika kiwango hicho kinapitwa kirahisi. Siku kuna tamasha kwenye ukumbi wa Halle de l'Étoile, vivae, kisha simama karibu na meza ya fundi sauti. Yeye anapanga sauti kwa masikio yake, kwa hiyo hapo alipo ndipo utakaposikia magitaa yote mawili.