Kipima muda cha kuzungusha: miezi minne kwenye meza ya mwalimu

Nilikinunua kwa hasira. Usiku uliotangulia nilikaa saa mbili kamili nisahihishe insha, nikashika simu ili nitege dakika 25 kwenye programu ya kujenga tabia, na nilipozinduka ilikuwa saa nne kasoro robo. Madaftari yaliyosahihishwa: mawili. Nilichojifunza: kila kitu kuhusu harusi ya mtu nisiyemjua. Simu uliyoiomba ikulinde dhidi ya simu ni sawa na kumkabidhi fisi bucha.

Sitaitaja ile programu, maana kosa la usiku ule lilikuwa langu. Lakini kuna jambo moja silisamehi. Ilinihesabia siku kwa mnyororo, kila siku niliyotimiza ahadi pete moja ikaongezeka. Nilifika pete 41. Siku iliyofuata mwanangu akaugua, tukalala hospitali, na niliporudi nyumbani nikakuta sifuri kubwa jekundu, eti anza upya. Sikuifungua tena kwa wiki nzima. Nilihisi kama mwanafunzi aliyechaniwa daftari kwa kukosa swali moja.

Baadaye nikasoma habari za utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010. Waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amechagua jambo dogo la kufanya kila siku. Ule wimbo kwamba tabia hujengeka kwa "siku 21" haukutoka humo. Mtu wa katikati alikadiriwa kuhitaji siku 66 hadi jambo lijifanye lenyewe, na tofauti kati ya watu ilikuwa kubwa mno, kutoka siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Na kilichonipoza moyo ni kwamba kukosa siku moja hakukubomoa kilichojengwa. Kwa hiyo pete zangu 41 hazikwenda popote. Programu ndiyo iliyozifuta, kichwa changu hakikuzifuta.

Sasa kifaa chenyewe. Ni duara jeupe la plastiki, linajaa kiganjani, lina namba pembeni kuanzia 0 hadi 55 na mshale mwekundu. Hakina betri wala skrini. Ndani kuna springi na magurudumu ya meno. Unazungusha kwa vidole, kinaanza kurudi chenyewe tik tik tik, kikifika sifuri kinapiga kengele. Basi. Hakina kazi nyingine yoyote, na hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

Ila kina tabia yake, na mimi nilichelewa kuijua kwa sababu kikaratasi cha maelezo nilikitupa pamoja na boksi. Ukitaka muda mfupi, usikizungushe moja kwa moja hadi kwenye 5. Kizungushe kwanza hadi karibu na mwisho, uisikie springi ikikaza, halafu ukirudishe taratibu hadi 5. Usipofanya hivyo, springi inakuwa haijashiba, kinatambaa hadi sifuri na kunyamaza kimya. Wiki ya kwanza nilijitegea mapumziko ya dakika 5 nikajinyoosha kwenye kochi. Kengele haikulia. Nilipumzika dakika 40, na dhamiri safi kabisa.

Usahihi wake ni wa kubabaisha. Nilikipima mara tatu dhidi ya saa ya simu: dakika 25 zikatoka 24, kisha 26, kisha 24 na nusu. Kwa kazi za mezani haina shida. Kusimamia mtihani nacho, sithubutu.

Mtindo wa dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika una historia inayokihusu kifaa hiki moja kwa moja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Francesco Cirillo, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Italia, alichukua kipima muda cha jikoni chenye umbo la nyanya ili ajilazimishe kusoma. Nyanya kwa Kiitaliano ni pomodoro, na jina likabaki. Mizunguko minne, kisha pumziko refu. Siku hizi watu wanautumia mtindo huo kwa programu za kila rangi, lakini ulianzia kwenye kitu cha kuzungusha kwa mkono, na mimi nikishakitumia naona kwa nini. Mkono ukizungusha, mwili mzima umeshajua kwamba kazi imeanza. Kubonyeza kioo hakunipi hisia hiyo, labda kwa kuwa nabonyeza kioo mchana kutwa.

Faida kubwa niliyoipata, lakini, sikuitarajia. Kifaa hiki kilinivua uongo. Miaka yote nimekuwa nikijiambia kwamba insha moja ni dakika nne, na kwa hiyo rundo la madaftari 48 "nitalimaliza leo usiku". Nilipoanza kutega, nikagundua kwamba dakika 25 zikiisha niko katikati ya insha ya nne. Insha moja ni dakika saba. Hesabu ikaja yenyewe: rundo zima ni saa tano na nusu na ushei, bila kuinuka, bila kuitwa. Hakuna usiku wa namna hiyo katika nyumba yenye mtoto. Nilikuwa nikilala kila siku nikijiona mvivu, kumbe nilikuwa mbovu wa hesabu tu.

Na si mimi peke yangu. Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha mwaka 1994 utafiti wa wanafunzi wa chuo waliokuwa wakiandika tasnifu. Kwa wastani wanafunzi walikisia watamaliza kwa siku 33.9. Walitumia 55.5. Waliulizwa pia: mambo yakiharibika kabisa kabisa, je? Wakasema siku 48.6. Yaani hata balaa walilolipanga vichwani halikufikia hali halisi. Niliposoma hilo nilicheka, kisha nikanyamaza, maana nilikuwa nimeahidi darasa zima madaftari yao Ijumaa.

Tangu hapo nimeacha dakika 25. Natega 30, kwa sababu ndani yake zinaingia insha nne na mwanya mdogo wa kunyoosha vidole. Mizunguko mitatu kwa usiku, rundo linaisha kwa siku nne. Nawaambia wanafunzi tarehe ya kweli. Wanasema nimekuwa mchelewaji, na mimi nawaona wamesahau zamani nilivyokuwa nikiwapa tarehe ya uongo.

Kasoro sasa, na ya kwanza ni kelele. Mlio wa tik tik mchana hausikiki, lakini usiku nyumba ikitulia unasikika hadi chumba cha pili. Mume wangu alivumilia siku mbili, ya tatu akatoka na mto mkononi akaniuliza, "Mama Neema, hicho kitu kinahesabu nini?" Dawa niliyoipata ni kukiweka juu ya taulo lililokunjwa mara nne. Nilijaribu kukipeleka shuleni pia, kikapiga kengele wakati mkuu wa shule anazungumza kwenye kikao cha walimu. Hakijarudi tena huko. Kengele yenyewe hulia kama sekunde tatu, kali, na huwezi kuipunguza. Neema anakiita bomu. "Mama, bomu limelala?" Likilala, ndipo ananiletea daftari lake la kuchora.

Sumaku ya nyuma ni ya mapambo. Nilikibandika kwenye friji, kikateleza polepole kama konokono, asubuhi kilikuwa sakafuni na ufa kwenye ukingo.

Kuna udhaifu mwingine ambao si wa plastiki wala springi. Hiki kitu hakikuiti. Programu ilikuwa inanitumia arifa saa mbili usiku, hata kama ilikuwa inanichosha. Kipima muda kinakaa tu. Mwezi wa pili kiliingia kwenye droo wakati wa kufanya usafi, kikakaa humo wiki mbili, na mimi nikarudi kwenye kochi bila hata kukikumbuka. Kilichoniokoa ni kukifunga kwenye tendo ambalo lazima litokee. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameandika sana kuhusu kupanga kwa mtindo wa "likitokea hili, nitafanya lile" badala ya kusema tu "nitajitahidi". Langu ni hili: nikishafunga mlango wa chumba cha Neema, nazungusha. Simu inabaki kwenye rafu ya sebuleni. Kipima muda kinakaa juu ya rundo la madaftari, si pembeni, ili nisiweze kuchukua daftari la kwanza bila kukishika.

Je, kinafaa kila mtu? Anayefanya kazi ofisini na wenzake, hapana, watamchukia kwa haki. Mwenye usingizi mwepesi nyumbani, afikirie mara mbili. Anayehitaji kukumbushwa aanze, atabaki na simu, na simlaumu. Lakini kwa mtu anayekaa mezani kwa hiari yake kisha akapotea, sijaona kitu kingine kilichonisaidia kwa muda wa miezi minne mfululizo, ukitoa zile wiki mbili za droo.

Ukikikuta dukani, usiishie kuangalia rangi. Kizungushe hadi mwisho, kirudishe kwenye 5, usimame hapo ukisubiri hata kama muuzaji anakukodolea macho. Kisha kitege tena 5 bila kukikaza kwanza. Kikilia mara zote mbili, lipa uondoke nacho. Changu hulia ile ya kwanza tu.