Skwea isiyo skwea, na duka lisilotaka ipimwe

Duka moja la vifaa huku Ngamiani, Tanga, limenikataza kupima skwea, kile kifaa cha kuhakikisha pembe mraba, kabla sijalipa. Nimetoa penseli tu, kijana wa kaunta akanikata: "Mzee, hapa si karakana. Unachukua au unaacha?" Na salamu yangu hakuwa hata ameiitikia! Muuza samaki pale Deep Sea anakuacha ufunue mashavu uone wekundu wake, lakini huyu wa chuma anaona amevunjiwa heshima.

Nilichukua hivyo hivyo, maana kwingine walikuwa nazo za plastiki tu. Ni ile ya rula inayoteleza ndani ya kichwa cha chuma. Nyota moja. Tena hiyo moja ni ya rula, ambayo namba zake zinasomeka.

Kipimo alichonikatalia kinachukua nusu dakika. Tafuta kipande cha plaiwudi chenye ukingo ulionyooka kweli. Egemeza kichwa cha skwea kwenye ukingo huo, chora mstari kwa penseli iliyochongwa kali, kisha pindua skwea, kichwa kielekee upande wa pili lakini kwenye ukingo uleule, uchore tena kuanzia nukta ileile. Mistari ikilaliana, lipa uondoke. Ikiachana, pengo unaloliona ni kosa mara mbili. Yangu iliachana milimita 1 kwenye urefu wa milimita 200, yaani inakosea nusu milimita.

Nusu milimita kwa fundi wa paa si kitu. Kwa anayetengeneza kasha dogo au fremu ya picha ni balaa. Zungusha mstari kwenye ubao wa upana wa milimita 200, uso wa mbele na wa nyuma, na skwea kama hii: ukifika ukingo wa pili mistari inapishana milimita nzima, msumeno haujui ufuate upi, na kichwa cha ubao kinatoka kimepinda. Hapo ndipo watu wanaongeza gundi na kukaza klampu, vile vibanio vya mbao, hadi pembe ifunge kwa nguvu. Itafunga leo. Baadaye mfuniko haukai, na lawama anabebeshwa muuza mbao.

Inarekebishika, na hili ndilo linaloniudhi zaidi. Toa rula utazame ndani ya mfereji wa kichwa: kuna vituo viwili vidogo ambavyo rula inavikalia. Usikimbilie tupa. Weka kipande cha karatasi chini ya rula kwenye kituo kimoja, kaza, upime upya. Mistari ikikaribiana, basi kinachotakiwa kupunguzwa ni kile kituo kingine. Ikizidi kuachana, ni hichohicho chenye karatasi. Sasa tia tupa nyembamba, papasa mara mbili tatu, rudisha rula, pima. Chuma kikishaondoka hakirudi, kwa hiyo taratibu. Ile skwea bapa ya bati la chuma, isiyo na kichwa, dawa yake ni nyingine: gonga alama kwa kipigio chenye ncha karibu na pembe ya ndani na itafunguka, karibu na pembe ya nje na itafunga.

Baada ya tupa, mistari inalaliana. Basi, kwa haki, nyota tatu. Bado sijamsamehe yule kijana.

Palepale nilichukua klampu za umbo la F, na hizi nusura nizitupe. Unakaza, zinashika, ukigeuka mdomo wa chini umeteleza. Sababu ni mafuta ya kiwandani. Mdomo unaosogea haushikwi na skrubu. Unashika kwa kupinda kidogo na kung'ata ule mwamba, yaani upau mrefu wa chuma ambao mdomo unatelezea, na mwamba wenye mafuta haung'atiki. Ufute kwa petroli mbali na moto, uuache ukauke, kisha upake chaki. Tatizo ni kwamba hapa pwani chuma kikavu kinashika kutu upesi, na mtu anarudi kupaka mafuta tena kila kitu. Mafuta yaende kwenye skrubu tu. Mwamba ukianza wekundu, usugue kwa msasa. Ukwaruzo kidogo unausaidia kushika.

Idadi? Mgandamizo unatawanyika kutoka kwenye mdomo kwa nyuzi 45 hivi, kwa hiyo ukiunganisha mbao za upana wa milimita 100, klampu kila milimita 200 zinatosha, moja juu na inayofuata chini ili ubao usijikunje. Kipande kinene cha mbao chini ya mdomo kinakuongezea nafasi. Mtiki wa Longuza, lile shamba la miti la Muheza, una mafuta yake ya asili, hivyo pangusa maungio kwa tina ya kuyeyushia rangi muda mfupi kabla ya gundi, vinginevyo utaapa kwamba klampu imeteleza kumbe ni gundi iliyokataa.

Na kama huna klampu, kusema kweli huzikosi sana kwa kazi ndogo. Pigilia vizuizi viwili kwenye plaiwudi, weka kazi katikati, jaza nafasi kwa kabari mbili zinazopishana, mteremko wa milimita 10 kwa kila milimita 80 za urefu. Ukiwa mkali mno zinarudi nyuma zenyewe. Kabari hazina mafuta ya kiwandani wala muuzaji asiyeitika salamu.

Hata hivyo klampu zile, zikishafutwa, zinashika vizuri kuliko za bei ya juu nilizonazo. Nataka nyingine mbili. Nitamtuma mtu, na nitampa penseli.