Kliniki iliyomwambia mama mdogo ana gesi

Ninaandika nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kliniki ninayoizungumzia ni ya binafsi, ipo mjini Unguja, ni safi, foleni yake ni fupi, na watu wengi wa shamba huleta wagonjwa wao hapo kwa kuamini kwamba wakilipa watasikilizwa. Sisi tulilipa, na hatukusikilizwa.

Mama yangu mdogo, mkaazi wa Makunduchi ambaye ameshakoma hedhi zamani, alikuwa amechoka kwa namna ambayo hatukuizoea kwake: akifagia uwanja hukaa kitako kabla hajafika nusu, akitembea kidogo tu pumzi humkatika, na usiku huamka ametota jasho la baridi. Asubuhi tuliyomleta mjini alikuwa na kichefuchefu, maumivu baina ya mabega, na mkazo uliopanda shingoni mpaka kwenye taya. Tuliingia naye kwa daktari mimi na kaka yangu.

Daktari yule, ambaye kwa umri ni mjukuu wake, hakumwamkia. Alimgeukia kaka yangu akamwuliza, "Bibi ana nini?" Mama mdogo akajibu mwenyewe kwa upole, "Mwanangu, nahisi uzito hapa," huku ameweka kiganja kifuani. Akaulizwa kama kifua kinamchoma. Akasema hakimchomi ila kinamlemea, na kabla hajafika kwenye habari ya taya na mgongo, daktari alikuwa ameshaanza kuandika. "Hiyo gesi, bibi. Na wasiwasi pia. Wanawake wa umri wako mna mawazo mengi." Akatupa karatasi ya dawa za tumbo, akaita mgonjwa mwengine. Hata presha hakumpima.

Ndicho kitu kinachonichemsha damu kila nikikikumbuka. Mwanamke anayepata shambulio la moyo mara nyingi huhisi kifua kikimbana au kumlemea kama anavyohisi mwanamme, lakini yeye huja zaidi na dalili nyengine juu ya hiyo: uchovu usio na sababu, kukosa pumzi, kichefuchefu, jasho, maumivu ya mgongo, shingo au taya, na wapo ambao kifua hakiwasumbui kabisa. Mama mdogo alikuja na karibu zote, pamoja na uzito wa kifua. Miongozo ya madaktari wa moyo inataka mgonjwa anayeshukiwa hivyo apigwe kipimo cha umeme wa moyo ndani ya dakika 10 tangu kufika kwake, na mashine ya kipimo hicho ilikuwepo palepale, chumba kinachotazamana na cha daktari, mlango wazi.

Aliyemwokoa ni muuguzi wa dirisha la dawa. Mama huyu, ambaye Mwenyezi Mungu amlipe kheri, alimwona mama mdogo ameegemea ukuta na jasho linamtiririka, akaiweka kando ile karatasi, akamshikia mkono na kusema, "Shikamoo bibi, hebu njoo ukae, uniambie unahisi nini." Alimsikiliza mpaka mwisho. Akampima presha, ambayo ilikuwa juu sana, akamlaza akampiga kile kipimo, kisha akaenda mwenyewe kumwita daktari mwengine. Mchoro wa kwanza haukuonesha jambo la wazi, na mtu asiyejali angeturudisha nyumbani hapo. Wao wakaurudia na kutoa damu kupima troponini, yaani protini inayoingia kwenye damu misuli ya moyo ikiumia, kwa sababu mchoro mmoja ukiwa mzuri haumaanishi kwamba moyo u salama. Jioni alikuwa amelazwa hospitali kubwa, na baadaye akavushwa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambako mshipa wa moyo uliokuwa umeziba ulizibuliwa.

Kwa hiyo nikisema kliniki ile ni mbaya, ninamdhulumu muuguzi yule na daktari wa pili. Pengine ni mahali pazuri penye mtu mmoja mbaya. Nililiandika hilo, nikalisoma, na halikuniridhisha, kwani mtu huyo mmoja ndiye waliyemweka mlangoni.

Tena hakuna aliyemwuliza mama mdogo historia yake. Angeulizwa, angesema kwamba mimba yake ya mwisho ilikuwa na presha iliyomlaza hospitali. Mwanamke aliyepata presha ya mimba huwa katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo maishani, hata kama ilishuka baada ya kujifungua, na anapaswa kuendelea kupimwa. Yeye alipotoka arobaini kila mtu alimtazama mtoto, na tangu hapo kadi ya kliniki ikafungiwa sandukuni. Presha ikirudia kusoma 140 kwa 90 au zaidi inahitaji matibabu, nayo, pamoja na sukari na mafuta ya kwenye damu, huweza kupanda kwa miaka bila kumwumiza mtu popote. Wanawake wetu humpeleka mtoto kliniki kila mwezi bila kukosa, lakini wao wenyewe hungoja waanguke. Na anayejikokota mpaka kwa daktari bila kuanguka, kama mama mdogo, huambiwa ana mawazo mengi!

Nimeuandikia barua uongozi wa kliniki, nikiomba kila mwanamke mtu mzima apimwe presha kabla hajaingia kwa daktari, na anayelalamika kukosa pumzi, kichefuchefu, au maumivu ya mgongo na taya asiandikiwe dawa za tumbo kabla moyo wake haujapimwa. Sijajibiwa. Muuguzi yule ningemfuata popote atakapohamia, lakini mama yangu mzazi, ambaye naye anameza dawa za presha, nitampeleka hospitali ya Serikali, na tutakaa foleni.