Mixxx kwa DJ wa harusi: singeli inakubali, dansi linabishana, taarab inagoma

Harusi moja huku Temeke inaweza kukutaka upige taarab kina mama wakitunzana, dansi la zamani wazee wakiinuka, halafu Bongo Flava, amapiano, na mwisho singeli vijana wakishavua viatu. Mwendo unatoka mapigo tisini na kitu kwa dakika mpaka zaidi ya 200, usiku mmoja, ukumbi mmoja. Ndiyo maana nikipima programu ya kuandalia nyimbo sihangaiki na madoido yake. Nataka kujua itafanya nini nikiipa muziki huu wote kwa mkupuo.

Nilianza na programu ya kulipia kwa mwezi, kwa dola, ambayo sitaitaja. Ilikuwa nzuri mpaka usiku ilipong'ang'ania kuthibitisha malipo kwa intaneti huku bando limekata na MC ameshatangaza kuwa maharusi wako mlangoni. Waliingia kwa wimbo wa kwenye simu yangu, na spika zikaanza kuguruma nilipopigiwa na shemeji. Tangu hapo, miaka miwili sasa, natumia Mixxx, programu ya DJ ya kuandalia na kuchanganyia nyimbo. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inakaa kwenye Windows, macOS au Linux, na ukumbini haikuulizi habari za bando.

Alhamisi usiku naingiza nyimbo mpya, naiamuru ichambue, naenda kula. Nikirudi kila wimbo una mwendo wake, ufunguo wake (sauti kuu ambayo wimbo unaizungukia) na vistari vya mapigo juu ya mchoro wa sauti. Naweka alama pale sauti inapoingia, pale ngoma zinapobaki peke yake, na pale pa kutokea. Nyimbo zinapangwa kwenye makreti. Jina hilo lilinichekesha mwanzoni, nikaona kama nahesabu soda za ukumbi, lakini ndilo la madj wa zamani waliobeba santuri kwenye kreti kweli.

Kwenye singeli, usishangae programu ikikuambia wimbo una mapigo 112 wakati miguu yako inajua ni 224. Programu nyingi za aina hii hupenda kuona mwendo wa wastani, kwa hiyo wimbo wa mbio husomwa nusu. Katika Mixxx ukifungua taarifa za wimbo utakuta vitufe vya kuzidisha mwendo mara mbili au kuugawa, na kwenye safu ya mwendo katika orodha ya nyimbo kuna kufuli ya kuzuia namba isibadilishwe tena. Mwaka wa kwanza nilikuwa nasahihisha kila singeli kwa bidii. Siku hizi nyingine naziacha na nusu yake makusudi. Amapiano nyingi zinacheza kwenye 110 hadi 115, na singeli iliyosomwa 112 inakaa juu yake kama kifuniko cha sufuria: kila pigo la amapiano linabeba mapigo mawili ya singeli. Naingiza singeli chini chini, besi nimeiondoa, watu bado wanayumba taratibu, halafu nakata amapiano. Ukumbi unalipuka. Hila hii nimeitoa kwenye kosa la hesabu, siyo kwenye kitabu cha maelekezo.

Tahadhari moja kabla sijaendelea. Alama, makreti na masahihisho hayo hayakai ndani ya nyimbo. Yanakaa kwenye faili linaloitwa mixxxdb.sqlite, ndani ya folda ya mipangilio ambayo wengi hawaifungui. Ukinakili nyimbo peke yake kwenda kompyuta nyingine, umehamisha nguo ukaacha pasi. Nakili vyote viwili, kwenye diski ya nje, kila mwezi.

Sasa dansi. Hapa ndipo usiku wangu mwingi umepotelea, wala sijutii. Mlimani Park, Msondo tangu ikiitwa NUTA na baadaye JUWATA: kanda zao za Radio Tanzania ni bendi nzima imekaa chumba kimoja ikipiga pamoja, bila kifaa cha kuwahesabia mapigo masikioni. Mpiga ngoma akisikia utamu, anaongeza. Wimbo ukiingia kwenye chemko, ile sehemu ya kuchezesha, magitaa yanajibizana, mwendo unapanda kidogo na hakuna anayeomba radhi. Kwa mchezaji ni raha tupu, lakini programu iliyozoea muziki wa mashine inachora vistari vilivyonyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Dakika ya kwanza vimekaa sawa, dakika ya nne vimeachana na ngoma kabisa.

Nilijifunza hilo mbele za watu. Nilibonyeza kitufe cha kulinganisha mwendo, nikaunganisha dansi mbili kwenye chemko, nikainua mikono juu kama wanavyofanya wakubwa. Ngoma zikagongana. Mzee mmoja, mjomba wa bibi harusi, alikuja mpaka mezani, akaniinamia: "Kijana wangu, acha ziimbe moja moja. Hatuna haraka." Nilisema samahani mzee, na nikarudi nyumbani kutafuta dawa.

Dawa ipo nusu. Kwenye mipangilio ya kutambua mapigo kuna kisanduku kinachodhania kwamba mwendo wa wimbo haubadiliki. Kwa singeli na amapiano kiache na tiki yake. Kwa dansi iondoe, chambua upya, na vistari vitaanza kufuata mpiga ngoma badala ya kumkaripia. Hata hivyo sikiliza wimbo wote na hedifoni, maana magitaa ya chemko huweza kudhaniwa ngoma. Mimi huishia kutoa tu kwenye chemko na sichanganyi humo: nangoja tarumbeta zimalize sentensi, ndipo naingiza wimbo unaofuata. Mzee alikuwa sahihi.

Palipo na pengo kubwa la mwendo natengeneza daraja mwenyewe, yaani kipande kifupi cha kuunganisha nyimbo mbili, kwa FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, ile ya Wabelgiji iliyokuwa ikiitwa FruityLoops. Prodyuza wengi wa mtaani wamekulia humo, na ukinunua unapata matoleo mapya maisha yako yote, jambo adimu siku hizi za kulipa kila mwezi. Toleo la kujaribu lina mtego: unahifadhi kazi, lakini huwezi kuifungua tena mpaka ununue. Hivyo wakati najaribu nilimaliza kila daraja kwa kikao kimoja na kulitoa kama faili la sauti kabla sijafunga. Siyo kazi kubwa. Ngoma, kayamba na besi kidogo, baa kumi na sita (kila moja mapigo manne) zinazopanda kutoka 104 hadi 112, kama sekunde 35 hivi. Wacheza hawagundui kwamba wamevushwa. Asiye na hela ajaribu LMMS, ya bure. Kwa madaraja inatosha.

Kuhusu ufunguo, Mixxx inaweza kukuandikia kwa namba na herufi, mfano 8A, na wimbo wa 8A unakubaliana na 7A, 9A na 8B. Kwa Bongo Flava na amapiano hii ni faida ya kweli, hasa nyimbo mbili zinapoimba kwa pamoja. Kwa dansi lililotolewa kwenye kaseti ni bahati nasibu, maana kanda iliyozunguka haraka kidogo inauacha wimbo katikati ya funguo mbili.

Na taarab? Hesabu ile ina funguo 24, kumi na mbili za furaha na kumi na mbili za huzuni, kama kinanda kinavyozijua. Taarab asilia ya Zanzibar, yenye qanun, udi na fidla, inatembea kwenye maqam, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, na baadhi yake yana sauti ambazo kinanda cha kawaida hakina kitufe chake. Programu itajaza namba tu, kwa ujasiri mkubwa. Ile ya kisasa, ya vinanda, inasomeka vizuri zaidi. Hizi za zamani nimezifutia safu ya ufunguo yote, na kwenye sehemu ya maoni naandika kwa mkono wangu: "fidla peke yake mwanzoni, usiingilie", au "mama atatunza hapa, usikate".